Pancha ya pikipiki njiani: jinsi ya kuiziba mwenyewe hadi uondoke

Tundu lenyewe si kazi kubwa. Kiraka hakichukui hata robo saa. Kinachomlaza mtu njiani ni mambo mawili: kurudisha tyubu iliyozibwa juu ya msumari uleule ulioitoboa, na kuitoboa upya kwa leva, kile chuma bapa cha kubandulia tairi, wakati wa kufunga tairi. Nitayapitia mengine kwa kasi ya kawaida, lakini kwenye hayo mawili nitakaa.

Upepo ukiisha ukiwa kwenye mwendo

Tairi la nyuma ndilo linalopata pancha mara nyingi zaidi. Ndilo linalobeba uzito mkubwa, na msumari uliolala barabarani huinuliwa na tairi la mbele, kisha la nyuma likaukuta umesimama. Upepo ukianza kutoka nyuma, kiti kinateleza kushoto na kulia na pikipiki haitulii hata barabara ikiwa imenyooka. Ukitoka mbele, usukani unakuwa mzito, unakataa kukata kona, na ukiulazimisha unataka kulala wenyewe.

Usikanyage breki kwa mshtuko. Shika usukani kwa mikono yote miwili, imara lakini bila kuukaba, achia mafuta taratibu, na uiache pikipiki ipunguze mwendo yenyewe ikiwa imenyooka. Ukilazimika kufunga breki, tumia ya gurudumu lenye upepo: pancha ikiwa nyuma, breki ya mbele kwa upole, ikiwa mbele, breki ya nyuma. Tairi lisilo na upepo likibanwa na breki huweza kuchomoka kwenye rimu, na likichomoka la mbele hutapata nafasi ya kurekebisha kitu. Kama umebeba abiria, mwambie atulie palepale alipo. Abiria anayejigeuza kuangalia kuna nini nyuma ni hatari kuliko pancha yenyewe.

Usisimame kwenye kona, juu ya daraja, wala nyuma kidogo ya kilele cha mwinuko ambapo dereva anayekuja atakuona akiwa ameshakufikia. Ni afadhali kujikokota mita mia zaidi na kuiharibu tyubu. Tyubu hununuliwa nyingine. Tafuta pembeni pagumu na tambarare, maana stendi huzama kwenye mchanga na tope. Washa taa za dharura, weka pembetatu ya kuakisi mbali kiasi nyuma yako, na ukichuchumaa kufanya kazi elekea kule magari yanakotoka. Usiyape mgongo.

Kabla hujafungua nati yoyote

Watu wengi hukimbilia spana wakati tairi halijatoboka kabisa. Fungua kifuniko cha vali, weka mate kwenye tundu lake, subiri. Povu likianza kujaa, shida iko kwenye pini ya vali, ile ya ndani inayozuia upepo usitoke. Huenda imelegea tu au imeingiwa na mchanga. Ikaze kwa kifuniko chenye meno au kwa kifaa chake kidogo, jaza upepo, jaribu tena mate. Umemaliza.

Vali ikiwa salama, zungusha gurudumu polepole na ukague uso wa tairi, mfereji kwa mfereji. Ukiona msumari, skrubu au kipande cha waya, usikichomoe. Kwanza kitie alama ya chaki, kalamu, hata tope. Kama tairi ni la tyubu, alama hiyo itakuonyesha pa kutafuta tundu. Kama halina tyubu, msumari wenyewe bado unaziba kiasi, na unaweza kukuruhusu ujaze upepo na kujikokota hadi mahali salama zaidi.

Sasa jua tairi lako ni la aina gani, maana kazi zinatofautiana kabisa. Soma ubavuni: limeandikwa TUBELESS au TUBE TYPE. Kisha angalia vali. Ya tyubu kwa kawaida ni ya chuma, ina nyuzi za skrubu na nati inayokaa juu ya rimu. Ya tairi lisilo na tyubu mara nyingi ni kisiki kifupi cha mpira kilichobana kwenye rimu. Rimu za spoki kwa sehemu kubwa hutumia tyubu kwa sababu upepo ungevujia kwenye matundu ya spoki. Lakini usiamini maandishi peke yake. Wapo wanaoweka tyubu ndani ya tairi lililoandikwa TUBELESS, na hapo vali ndiyo itakayokuambia ukweli.

Cha kubeba chini ya kiti

Leva mbili za tairi zinatosha, tatu ni raha. Ziwe na ncha ya mviringo isiyo na kingo kali; bisibisi si leva, na anayeitumia ajiandae kuziba matundu mawili. Spana za nati za ekseli zako zote mbili, na hakikisha nyumbani kwamba zinazifungua, kwa kuwa spana ya kit ya kiwandani mara nyingi ni fupi na nati iliyokaa mwaka mzima haitaisikiliza. Koleo, msasa, viraka, solusheni, pampu, kipimo cha upepo, kitambaa, na tyubu ya akiba. Tochi ya kichwani, maana pancha haichagui saa.

Kuhusu solusheni: mrija ukishafunguliwa mara moja hukauka wenyewe ndani ya miezi, hata ukiufunga vizuri. Beba ambao haujatobolewa.

Kuhusu pampu: ya mkono au ya mguu inachosha lakini haikwishi. Vile vitungi vidogo vya gesi ya kaboni vya gramu 16 ni vyepesi na vya haraka, ila kimoja hakishibishi tairi la nyuma, na hupoa kiasi cha kuganda barafu mkononi, kwa hiyo vishike kwa kitambaa. Mwenye vitungi bila pampu ana nafasi chache za kukosea.

Kama pikipiki yako ina gurudumu la mbele lenye kipenyo kikubwa kuliko la nyuma na huna nafasi ya tyubu mbili, beba ya mbele. Kwa dharura tyubu kubwa na nyembamba inaingia kwenye tairi dogo la nyuma na kukufikisha. Ya nyuma kwenda mbele haikubali kirahisi hivyo.

Tairi lisilo na tyubu

Hapa gurudumu halitoki. Tayarisha kila kitu kwanza: pitisha utambi, ile kamba nene ya mpira ya kuzibia, kwenye tundu la sindano yake hadi pande mbili zilingane, upake solusheni, uweke karibu. Ndipo uchomoe msumari kwa koleo, ukitazama umeingia kwa mlalo gani. Chukua tupa ya mviringo na uisukume ndani na nje mara kadhaa kwa mlalo uleule. Inaonekana kama unaliharibu tairi, lakini unalainisha tundu na kulikwaruza ili utambi ushike.

Kisha sukuma sindano yenye utambi kwa nguvu hadi zibaki ncha za sentimita moja hivi nje. Ivute sindano kwa mkupuo mmoja ulionyooka, bila kuizungusha. Utambi unabaki ndani umejikunja. Kata ncha zikiwa zimeinuka milimita chache juu ya uso wa tairi, jaza upepo, paka mate. Likitoa povu, ongeza utambi wa pili kando ya wa kwanza.

Mipaka yake ijulikane. Utambi ni wa uso wa tairi tu. Tundu la ubavuni halizibwi, kwa sababu ubavu hupinda kila mzunguko na utautapika utambi. Tundu linalozidi milimita 6 nalo ni kubwa mno. Na hata uliozibika vizuri ni wa kukufikisha: usivuke kilomita 80 kwa saa, na tairi likaguliwe kwa ndani mapema, lizibwe kiraka cha ndani au libadilishwe.

Kama ukingo wa tairi umeshachomoka kwenye rimu, pampu ya mkono haitaurudisha kirahisi, upepo unatoka kwa wingi kuliko unaoingia. Zungushia mkanda katikati ya uso wa tairi, ukaze hadi mbavu zitanuke na kugusa rimu, ndipo upige pampu kwa kasi. Ikishindikana, tyubu ya akiba inaweza kuwekwa ndani kwa dharura.

Tairi la tyubu: ung'oe gurudumu au uliache?

Kama uliona msumari na ukautia alama, na gurudumu linazunguka bure juu ya stendi kubwa, huna haja ya kulitoa. Bandua upande mmoja tu wa tairi kwenye eneo la alama, vuta nje kipande cha tyubu, ziba, rudisha. Hata nati ya vali unaweza usiiguse. Unaokoa kazi ya cheni, breki na bushi (zile pete zinazokaa kwenye ekseli kando ya gurudumu), ambako ndiko watu husahau vitu. Ila njia hii haikusaidii kama hujui tundu liko wapi, kama vali imechanika, au kama unataka kubadilisha tyubu nzima.

Ukiamua kung'oa, legeza nati ya ekseli gurudumu likiwa bado limekaa chini. Kuikaza spana wakati pikipiki iko juu ya stendi ni kuitafutia njia ya kuanguka. Kama nati ina kotapini, ile pini ya waya inayoizuia isifunguke, inyooshe na kuitoa kwanza. Kisha inua pikipiki. Isiyo na stendi kubwa unaweza kuiegemeza kwenye stendi ya upande na kuweka jiwe au gogo chini ya fremu, gia ikiwa imeingia ili isitambae.

Kwa gurudumu la nyuma lenye breki ya ngoma, toa nati ya fimbo ya breki, vuta fimbo, na urudishe papo hapo springi na nati kwenye fimbo ili visipotee. Fungua pia chuma kinachoizuia sahani ya breki isizunguke. Angalia alama za marekebisho ya cheni zilipo pande zote mbili, usukume gurudumu mbele, ushushe cheni kwenye sproketi, ndipo uchomoe ekseli. Piga picha ya bushi kabla hazijaanguka: ipi ilikuwa kushoto, ipi kulia, na upande gani wa bushi ulitazama nje. Hiyo picha ina thamani kuliko spana yoyote uliyobeba.

Kwenye diski, usiguse kabisa mkono wala kanyagio la breki gurudumu likiwa nje. Pistoni zitatoka kwenye nafasi yake, pedi zitakutana, na diski haitapita tena. Weka kipande cha mti au kadibodi ngumu katikati ya pedi. Mbele, chomoa kebo ya spidomita ikiwa imefungwa kwenye gurudumu, na ukariri jinsi kisanduku chake kilivyokaa.

Kubandua tairi

Toa pini ya vali, bonyeza upepo wote utoke. Toa nati ya vali. Laza gurudumu juu ya jaketi au majani; diski iwe juu, isiguse chini. Kabla hujabandua, weka alama kwenye tairi mkabala na vali, na uangalie mshale wa mzunguko ubavuni, kama upo.

Ukingo wa tairi umeng'ang'ania rimu. Simama juu ya ubavu kwa visigino, karibu kabisa na rimu, zunguka hatua kwa hatua hadi uachie. Usikanyage spoki. Ukigoma, omba pikipiki nyingine: laza gurudumu lako chini ya stendi yake ya upande, guu la stendi likae juu ya ubavu wa tairi karibu na rimu, halafu mwenzako aiinamishe taratibu. Uzito wa pikipiki unafanya ambacho visigino vimeshindwa. Achia pande zote mbili za tairi, si ule utakaobandua tu.

Ndani ya ukingo wa tairi kuna waya wa chuma, na waya huo hautanuki hata ukipanda juu ya leva. Ukijaribu kulivusha tairi kwa nguvu utapinda rimu au kuukata ukingo. Nafasi inatoka kwingine. Tazama rimu kwa ndani: katikati imezama kuliko kando, ina bonde. Ukingo wa tairi upande mmoja ukizamishwa bondeni, upande wa pili unapata ulegevu wa kupanda juu ya rimu. Kwa hiyo piga magoti juu ya tairi upande ulio mkabala na vali, uzamishe ukingo kwa uzito wako, na uanze kazi ya leva karibu na vali. Usianzie mkabala na vali, kwa sababu pale kwenye vali kitako chake kimejaza bonde na ukingo hauwezi kuzama.

Ingiza leva kiasi cha kuushika ukingo tu. Ikizama zaidi itaikamata tyubu. Inua leva ya kwanza, ishikilie kwa goti, ingiza ya pili umbali wa sentimita tano hivi, inua. Vipande vidogo vidogo. Leva ikiwa nzito kiasi cha kukutoa jasho, usiongeze nguvu: ukingo wa upande wa pili umeibuka kutoka bondeni. Rudi ukaukandamize. Maji ya sabuni yaliyopakwa ukingoni hulainisha kazi sana, na maji matupu ni bora kuliko hakuna. Mafuta ya injini, grisi na petroli visikaribie mpira; huuharibu, na tairi lililopakwa mafuta huteleza kwenye rimu.

Upande mmoja ukishatoka mzima, sukuma vali ndani na uchomoe tyubu. Kwa pancha ya kawaida upande wa pili wa tairi hauna haja ya kutoka.

(Matairi ya upepo ya mwanzo, yale ya John Boyd Dunlop ya mwaka 1888 yaliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli, yaligandishwa kwenye rimu kwa gundi. Mwaka 1891 ndugu Michelin wa Ufaransa wakatoa tairi la kufungua na kufunga tena. Ukiwa umepiga magoti vumbini unalaani ukingo mgumu, fikiria kungojea gundi ikauke.)

Tundu linasema lilikotoka

Rudisha pini ya vali na uijaze tyubu hadi inenepe kuliko kawaida yake. Sikiliza. Ipitishe polepole karibu na mdomo au shavu. Ngozi ya hapo huhisi upepo ambao sikio halisikii. Ukiwa na maji, zamisha kipande kwa kipande. Ukilipata tundu, lizungushie duara kubwa la kalamu, maana tundu dogo hupotea mara tu unapolipiga msasa. Usiishie kwenye la kwanza, zungusha tyubu yote.

Tundu moja upande wa nje wa tyubu ni msumari, mwiba au kioo. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba ni ya kubanwa: upepo ulikuwa mdogo, ukaingia shimoni, rimu ikaibana tyubu dhidi ya tairi. Hapo hakuna msumari wa kutafuta, ila uangalie rimu kama imepinda, na upepo uongezwe. Tundu upande wa ndani, ule unaotazama rimu, maana yake ncha ya spoki imetokeza au ule ukanda wa mpira unaofunika spoki umesogea. Mpasuko kwenye shina la vali hautengenezeki njiani. Tairi lilizunguka juu ya rimu likiwa na upepo kidogo na kuivuta vali. Weka tyubu ya akiba.

Sasa mtafute aliyetoboa, hata kama tayari umechomoa msumari. Ilaze tyubu juu ya tairi, vali kwenye alama yake, na tundu litakuonyesha sehemu ya kuanzia. Kumbuka kuijaribu pande zote mbili ikiwa hukumbuki tyubu ilitazama wapi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kwenda na kurudi. Kitambaa kitanasa kwenye kitu ambacho macho yamekiruka. Usipitishe vidole vitupu, kipande cha waya kilichojificha kinachana vibaya. Mwiba mara nyingi hukatika, kichwa kikabaki kimezama kwenye mpira kana kwamba hakuna kitu. Ukunje ubavu wa tairi kwa ndani nje na utauona ukichungulia. Usukume kwa ndani kwenda nje, au uuvute kwa koleo. Kisha pitisha kitambaa mara ya pili. Nikimwona mtu ameruka hatua hii huwa sikai kumsubiri amalize, najua atakuwa palepale nikirudi.

Kiraka

Toa upepo, ilaze tyubu juu ya kitu bapa. Piga msasa eneo linalozidi kiraka kwa pande zote hadi mng'ao utoweke na mpira uwe na rangi ya kufifia. Ule mshono uliotuna unaozunguka tyubu, kama unapita hapo, usugue hadi usawazike, la sivyo upepo utapenya kando yake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Paka solusheni safu nyembamba, nayo izidi ukubwa wa kiraka. Halafu ngoja. Hapa ndipo haraka huwaponza wengi, kwa sababu wanaidhani ni gundi ya kubandika ikiwa mbichi. Solusheni hufanya kazi ikishakauka: kimiminika chake kinaruka, kinachobaki kinaungana na sehemu ya chini ya kiraka na mpira unakuwa mmoja. Ngoja dakika tano hivi, zaidi kukiwa na baridi au unyevu. Gusa pembeni kwa mgongo wa kidole. Isipokuvuta na isipokuwa na unyevu, iko tayari.

Bandua karatasi ya chini ya kiraka bila kugusa upande wake wa kubandika. Kiweke mara moja, kikandamize kuanzia katikati kwenda nje, kisha kisugue kwa mgongo wa leva kwa nguvu, hasa kingo. Nailoni ya juu ikianza kukibandua kiraka, iache ilivyo, haidhuru kitu. Nyunyiza unga wa talki, au hata vumbi laini kavu, juu na kando ya kiraka ili tyubu isigande kwenye tairi. Ijaribu kwa upepo kidogo tu. Ukiinenepesha sana nje ya tairi utakivuta kiraka ambacho hakijashika sawasawa.

Kurudisha bila kutoboa

Ijaze tyubu upepo kiasi cha kupata umbo la duara, basi. Tyubu iliyolala chapati hujikunja na kuingia chini ya leva, na iliyojaa haikupi nafasi. Iingize ndani ya tairi, vali kwenye tundu lake, zungusha nati nyuzi chache tu ili vali isirudi ndani lakini iweze kusukumwa. Pitisha mkono kuizunguka: isiwe na msokoto wala mkunjo.

Anza kuurudisha ukingo upande ulio mkabala na vali, kwa mikono na magoti, ukielekea kwenye vali kutoka pande zote mbili kwa zamu. Zaidi ya nusu itaingia bila leva. Kila mara hakikisha sehemu iliyokwisha kuingia imezama bondeni.

Matundu mengi ya mwendeshaji mwenyewe hutokea katika sentimita kumi na tano za mwisho. Hapo tairi limekaza, mtu amechoka, leva inasukumwa ndani zaidi ili ipate nguvu. Chungulia kila unapoiingiza: usione rangi ya tyubu kati ya ukingo na rimu. Leva ikipita wima na kulala upande wa pili, ncha yake ya ndani imeinuka na inaitafuta tyubu, kwa hiyo isipite wima. Ukifika kwenye vali, isukume ndani kwa kidole gumba ili kitako chake kipande juu ya kingo, kisha umalizie pale. Rudisha vali nje kwa kuivuta kidogo.

Jaza upepo kidogo, utoe wote, ujaze tena. Tyubu hujinyoosha katika zamu hiyo ya kwanza. Ukiendelea kujaza utausikia ukingo ukigonga rimu. Tazama ule mstari mwembamba ubavuni karibu na rimu, uwe na umbali sawa kuzunguka kote. Pakiwa pamezama, toa upepo, lainisha kwa maji, jaribu upya.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye swingamu (ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma) au kwenye kifuniko cha cheni. Pikipiki ndogo nyingi huwa kati ya psi 25 na 30 mbele, na kati ya 28 na 36 nyuma, zaidi ukibeba abiria au mzigo. Psi 14.5 ni sawa na bar 1, kama kipimo chako kinasoma hivyo. Nati ya vali usiikaze kwenye rimu. Wazoefu huipandisha juu hadi iguse kifuniko, ili tairi likisogea kidogo vali iiname badala ya kukatika. Siku ukiona vali yako imeinama, jua upepo umekuwa mdogo kwa muda.

Gurudumu linarudi kwa picha uliyopiga. Sahani ya breki ya ngoma ikae kwenye kishikio chake na bolti yake ifungwe. Isipofungwa, breki ya kwanza itaizungusha sahani na kulifunga gurudumu. Cheni irudi, alama za kushoto na kulia zisome sawa, ekseli ikazwe gurudumu likiwa chini, kotapini ipindwe. Kisha piga breki mara kadhaa kabla hujapanda, hadi uhisi imeshika. Za diski zinaweza kuhitaji mikandamizo mingi pistoni zikirudi kwenye nafasi yake. Endesha polepole kilomita chache, simama, pima upepo tena, gusa nati ya ekseli kwa spana.

Ukiwa huna kiraka wala tyubu

Kuiendesha ikiwa bapa ni kuchagua cha kupoteza: kwanza tyubu, kisha tairi, mwisho rimu. Kama hakuna namna, abiria na mzigo vishuke. Pancha ya nyuma, sogea mbele juu ya tangi uipunguzie uzito. Ya mbele, ni bora usukume. Kusukuma kunakuwa rahisi ukitembea ubavuni mwa pikipiki injini ikiwaka, gia ya kwanza, klachi ikiachiwa nusu, mkono mmoja tayari kwenye breki.

Mbali na watu kabisa, kuna njia ya kulijaza tairi majani. Toa tyubu, ujaze majani mabichi au vitambaa, yashindiliwe kwa nguvu hadi tairi lisimame, funga ukingo. Yanahitajika mengi kuliko unavyodhani, na yakisagika tairi hulegea tena baada ya mwendo mfupi. Mwendo uwe wa mtu anayekimbia, si zaidi, na usimame kila mara kugusa tairi: likiwa la moto kiasi cha kushindwa kuliwekea kiganja, lipumzishe, maana majani yaliyokauka kwa joto huanza kufuka moshi.